Jina la Tajiri, Mgongo wa Pagazi

Fika Muhimbili saa ya kutazama wagonjwa, uliza ndugu yako amelazwa wapi, utajibiwa kwa neno moja: Mwaisela, Kibasila, au Sewahaji. Hilo la mwisho hutamkwa kama jina la mtaa. Watu hupanda ngazi za Sewahaji na chupa za uji mkononi, huamkiana kwenye korido za Sewahaji, na wengine hutoka Sewahaji wamejifunika khanga hadi usoni. Siku moja, tukisubiri lango lifunguliwe, niliwauliza wenzangu watatu: huyu Sewahaji alikuwa nani? Mmoja alisema daktari wa zamani. Wa pili akafikiri ni shehe. Wa tatu alinitazama tu, akaona maswali ya historia hayana adabu mbele ya lango la hospitali.

Alikuwa tajiri. Na neno hilo lenyewe lina safari yake. Kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu. Katika pwani yetu ya karne ya 19 likaja kumtaja mwenye mali aliyekaa mjini, anayewakopesha wengine bidhaa waende nazo bara, kisha akasubiri warudi na pembe. Tajiri hakusafiri. Maana hiyo haijafa. Dereva wa daladala akisema anapeleka hesabu kwa tajiri, hasemi kwamba mtu huyo ana fedha nyingi. Anasema gari si lake. Tajiri ni mwenye mali ambaye mwingine anaizungusha.

Kwa hiyo historia ya utajiri mkubwa Dar es Salaam haiwezi kusimuliwa kwa majina ya wenye mali peke yake. Kila palipokuwa na tajiri palikuwa na mtu chini ya mzigo.

Wa kwanza kujenga kwa fahari kando ya bandari hii alikuwa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Baba yake, Seyyid Said, alifia baharini mwaka 1856, na wana wakagombea urithi hadi Waingereza wakaamua mwaka 1861 kwamba Zanzibar na Muskat zitengane, Zanzibar ikilipa Muskat riale 40,000 kila mwaka. Katikati ya miaka ya 1860 Majid alikiona kijiji cha Mzizima na ghuba yake tulivu, mlango mwembamba na maji yenye kina, akaanza kujenga mji wake mwenyewe mbali na fitina za Unguja. Akauita Dari Salama. Septemba 1867 aliwaalika mabalozi wa Ulaya na Marekani, wakala karamu katika mji ambao kuta zake zilikuwa bado zinanuka chokaa.

Ukimtazama kwa mbali utadhani ndiye aliyekuwa mwenye mali kuliko wote pwani hii. Ukilifungua daftari unaona jingine. Ushuru wa forodha ya Zanzibar haukukusanywa na sultani. Ulikodishwa, kama wakala wa ushuru wa stendi siku hizi. Nyumba ya Jairam Shivji, Wabhatia wa Kachi, ilimlipa sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, ikakusanya yenyewe, na kilichozidi kikawa chake. Sultani alipoishiwa alichukua ya mwaka ujao. Majid alipofariki Oktoba 1870 alikuwa anadaiwa na nyumba hiyo fedha nyingi kuliko ushuru wa mwaka mzima. Wahindi hao walivaa doti nyeupe, wakakaa chini kwenye mikeka, na hawakujenga jumba la kutisha popote. Sultani alikuwa na mizinga na bendera, wao walikuwa na daftari.

Barghash aliyerithi kiti hakuwa na hamu na mji wa kaka yake. Mapaa yakaanguka, mitende na minazi ikaota uani. Mwishoni mwa miaka ya 1870 tajiri wa meli kutoka Uskoti, William Mackinnon, alijaribu kuufufua kwa kujenga barabara kutoka hapa kuelekea Ziwa Nyasa; ikaachwa porini kabla ya kufika popote pa maana. Leo Boma la Kale na nyumba ya Atiman zimebaki Barabara ya Sokoine kuonyesha Majid alipita. Jumba lake mwenyewe halipo.

Biashara yenyewe ilikuwa Bagamoyo, na huko ndiko alikokuwa Sewa Haji Paroo.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1851, mtoto wa Waismailia waliotoka Kachi. Ukoo wake ulikuwa na duka Bagamoyo, na kijana aliingia kazini mapema. Kila Mzungu aliyetaka kwenda bara alihitaji mambo mawili: mali ya njia, na watu wa kuibeba. Fedha ya sarafu haikununua chakula Ugogo. Ilitakiwa merikani, kaniki, shanga za rangi zilizokuwa zikipendwa mwaka huo hasa (rangi ikipitwa na wakati, umebeba mawe), na masango ya shaba. Na kwa kuwa ndorobo aliua ng'ombe, farasi na punda, vyote hivyo vilipanda begani mwa mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, mbali na sufuria, mkeka na chakula cha pagazi mwenyewe.

Duka la Sewa Haji liliuza bidhaa na likakusanya watu. Henry Morton Stanley alipokuja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alielekezwa kwa kijana wa Kihindi wa Bagamoyo ampatie wapagazi, na katika kitabu chake amemlalamikia kurasa kwa kurasa: hesabu za kijana zilizidi kila siku, nguo alizochukua kuwalipia wapagazi zilikuwa nyingi kuliko zilizowafikia. Wanahistoria wanamtambua kijana huyo kuwa ni Sewa Haji, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 21. Stanley hakuwa mtu wa kuaminiwa kila anachosema, hasa anapojisifu. Lakini katika lalamiko hilo unaiona mashine yote ikifanya kazi. Faida ya kwanza ilikuwa kwenye kitambaa alichouziwa Mzungu. Faida ya pili ilikuwa kati ya nguo alizotoa Mzungu kwa ajili ya pagazi na zile zilizofika mkononi mwa pagazi.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wa kazi hiyo kwa fahari, waliojua njia, bei na wimbo wa kila kituo. Kijana wa Unyamwezi ambaye hajafika pwani alichekwa kwao. Lakini wapo waliobeba kwa mkataba na wapo waliobeba kwa mnyororo, na pembe ikishafika forodhani haikuulizwa imeletwa na nani.

Wajerumani walipoingia, wakahamisha makao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, Sewa Haji alikuwa tayari na viwanja na majengo katika miji yote miwili. Ndipo alipofanya jambo lililobakiza jina lake. Alitoa rupia 12,400 ijengwe hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya watu ambao serikali haikuwa na haraka nao, Waafrika na Wahindi. Bagamoyo alitoa jengo la ghorofa liwe shule ya watoto bila kubagua rangi. Alifariki Februari 1897, mwaka uleule hospitali ilipokamilika. Wosia wake uliiachia serikali ya Kijerumani majengo yake, kwa masharti kwamba kodi yake iwalishe na kuwatunza wenye ukoma wa Bagamoyo na wagonjwa wa hospitali ile. Mwaka huohuo Wazungu walifunguliwa yao, Ocean Road, yenye veranda zinazopigwa na upepo wa bahari.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya dunia, Andrew Carnegie alikuwa akiandika kwamba mtu akifa na mali yake yote anakufa kwa aibu, huku wafanyakazi wa kiwanda chake cha chuma cha Homestead wakipigwa risasi katika mgomo wa 1892. Sewa Haji hakuandika falsafa yoyote. Hakuacha hata maneno machache ya kutueleza kwa nini aliwakumbuka wagonjwa wasio na kitu. Naelewa wanaomwita mtu wa Mungu na naelewa wanaomwita mnyonyaji. Mimi naona tu kwamba miongoni mwa waliolazwa bure katika hospitali ile haikosi walikuwamo wapagazi, migongo imepinda na miguu ina vidonda vya funza, wakitibiwa kwa fedha zilizopitia kwenye migongo ileile.

Kisha reli ikaja kuwapumzisha, au ndivyo ilivyoonekana. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, garimoshi likafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914. Safari ya pagazi ya miezi mitatu ikawa ya siku chache. Misafara ikafa. Wajerumani nao wakaanza kuupanga mji kwa rangi: Uzungunini nyumba zenye bustani, Uhindini maduka ya mawe, na Waafrika wahamishiwe magharibi, kwenye shamba lililonunuliwa kutoka kwa Mjerumani aliyeitwa Schoeller. Huko wakajenga na jengo kubwa la sherehe za Kaiser. Agosti 1914 vita vikaanza, na sherehe haikufanyika.

Vita vikamrudisha pagazi njiani, safari hii bila wimbo. Katika misitu isiyopitika magari, majeshi yote mawili yalitembea kwa miguu ya watu wa nchi hii na majirani zake. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 4, 1916, na kwenye lile shamba la Schoeller wakaweka kambi ya kikosi cha wabeba mizigo, Carrier Corps. Ulimi wa mji ukalitafuna jina hilo likawa Kariakoo. Upande wa Waingereza pekee, hesabu rasmi ilikubali kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na wanahistoria wengi huiona hesabu hiyo kuwa ndogo mno. Mishahara ya waliokufa bila mtu wa kuidai ikawa jambo la kuandikiana barua kati ya makoloni na London kwa miaka mingi. Familia zao hazikuipata.

Mnamo 1927, katikati ya mji, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, ambayo watu waliiita Bismini, ikawekwa sanamu ya askari na bunduki yake. Maandishi chini yake yanawataja na wapagazi. Sanamu lakini ni ya askari. Pagazi hakuchongwa. Yeye alipewa soko: lile jengo la Kaiser likafanywa soko mwaka 1923. Nijuavyo mimi ni nadra mji mkuu wa biashara wa nchi kuwa na eneo lake lenye thamani kuliko yote lililobeba jina la wabeba mizigo. Na ukitembea huko leo soma vibao vya mitaa: Nyamwezi, Livingstone, Kongo, Sukuma. Ni msafara mzima umelala pale.

Naruka miaka ishirini, maana kati ya vita na vita utajiri wa mji huu ulikuwa wa taratibu: mkonge, pamba, nyumba za kupangisha Uhindini zenye jina la mwenyewe na mwaka wa ujenzi juu ya mlango. Lakini siku ya Agosti 10, 1946, haiwezi kurukwa. Siku hiyo, hapa Dar es Salaam, Aga Khan wa Tatu, Sultan Mohamed Shah, alikalishwa kwenye mizani kuadhimisha miaka 60 ya uimamu wake. Upande mmoja yeye, mtu mzito wa zaidi ya kilo 100. Upande mwingine visanduku vya almasi, vikaongezwa hadi mizani ikasawazika. Thamani yake ilihesabiwa kuwa paundi zaidi ya laki sita. Picha zilizunguka dunia nzima, na hadi leo ndizo zinazotumika pakitakiwa mfano wa utajiri uliopita kiasi.

Jambo ambalo picha haionyeshi ni kwamba almasi zile ziliazimwa. Zilitoka London, zikapimwa, zikarudi London. Kilichotolewa kweli na waumini kilikuwa fedha ya thamani hiyo, na imamu aliirudisha kwao, ikawa mtaji wa mfuko wa uwekezaji uliokopesha watu kujenga nyumba na kuanzisha biashara. Benki ya Diamond Trust ya leo na ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga, wanakofanyia watu harusi na maonyesho, vimebeba jina la siku hiyo. Almasi zilikuwa za kutazamwa. Daftari ndilo lililobaki. Jairam Shivji angeelewa.

Na tusimwache nyuma mbeba mzigo. Septemba 1947, mwaka mmoja tu baada ya mizani ile, makuli wa bandari waligoma. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, na kibarua aliyeitwa asubuhi na kuachwa jioni hakuwa na hakika ya kesho. Mgomo ulitoka gatini ukapanda treni, ukaenda na reli kuelekea bara, na kwa siku kadhaa serikali ya kikoloni ikaona jinsi nchi nzima inavyoning'inia kwenye mabega ya watu wachache wa Dar es Salaam. Makuli walipata nyongeza kubwa. Mwaka 1950 waligoma tena, kukawa na mapambano na polisi, na chama chao kikafutwa. Mwezi mmoja baada ya ule mgomo wa 1947, huko Mwadui, machimbo ya Mkanada John Williamson yalitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Aliitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth aliyekuwa akiolewa Novemba hiyo. Williamson alitajwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia, aliishi peke yake porini, akafa Januari 1958 akiwa na miaka 50.

Akina Karimjee walichagua njia nyingine. Ukoo huo ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ukatajirika kwa biashara na mkonge, na ukatoa ukumbi ambamo Baraza la Kutunga Sheria lilikaa. Abdulkarim Karimjee alikuwa Spika wakati bendera ya Uhuru inapandishwa mwaka 1961. Bunge la nchi iliyokuwa njiani kwenda kwenye Ujamaa lilikutana chini ya jina la tajiri, na wabunge hawakuonekana kukerwa nalo.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na kesho yake benki zikawa za umma. Lakini waulize wazee wa Kisutu na Mtaa wa Jamhuri. Watakuambia kilichowauma ni 1971. Aprili ya mwaka huo ilipita sheria ya kutaifisha majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe alikuwa anayapangisha. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia, kwa hoja kwamba kodi imekwisha kulilipa. Msajili wa Majumba akawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote nchini. Wengi walioguswa walikuwa Wahindi, kwa sababu hao ndio walioweka akiba zao kwenye mawe. Mjane aliyekula kodi ya vyumba viwili alikumbwa pamoja na mwenye majumba kumi. Baadhi walibaki kama wapangaji katika nyumba zenye majina ya babu zao mlangoni. Wengine walikwenda Toronto na Leicester. Sheria ilitafuta utajiri ikaukuta mahali ulipokuwa rahisi kuonekana, kwenye ukuta. Wenye daftari walikuwa wamekwisha kujua.

Mwaka 1983 ikawa zamu ya maduka. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwafuata wahujumu uchumi na walanguzi. Sabuni, vitenge na betri vikaokotwa mitaroni na baharini asubuhi, vimetupwa usiku na walioogopa kukutwa navyo. Sokoine alifariki Aprili 1984. Barabara inayopita mbele ya bandari, kwenye majengo ya Majid, leo ina jina lake. Miezi miwili baada ya msiba, bajeti ya Waziri Cleopa Msuya iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Kariakoo ya sasa ilizaliwa siku hiyo.

Aliyeijua mapema nafasi hiyo ni Said Salim Bakhresa, Mzanzibari aliyezaliwa 1949, akaacha shule akiwa na miaka 14, akauza mchanganyiko wa viazi, akafungua mgahawa, kutoka mgahawa akaenda kwenye mkate na unga. Mashirika ya umma yalipouzwa miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa wanunuzi. Leo unaamka na unga wa Azam, unaangalia mpira kwa king'amuzi cha Azam, unavuka kwenda Unguja kwa boti ya Azam. Mwenyewe humuoni.

Mohammed Dewji ni kinyume chake. Alizaliwa 1975, kutoka ukoo wa wafanyabiashara wa Singida, akaikuza kampuni ya ukoo, MeTL, kwa kununua viwanda vya nguo, sabuni na mafuta vilivyokuwa vimelala, akawa mbunge, akawekwa na jarida la Forbes miongoni mwa mabilionea wa dola Afrika, mdogo kuliko wote kwa umri. Bilioni moja ya dola ni kama shilingi trilioni mbili na nusu. Nasisitiza kwa sababu neno bilionea hapa kwetu lina viwango viwili: Saniniu Laizer wa Mirerani alipouza mawe mawili ya tanzanite kwa shilingi bilioni 7.7 mwaka 2020 tulimwita bilionea mara moja, na jina hilo halijamtoka. Kwa dola angehitaji kupata mawe kama hayo mara mia tatu na zaidi.

Mo, kama anavyoitwa, aliingiza fedha Simba, klabu ambayo makao yake yako Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Desemba 2017 alipitishwa kuwa mwekezaji wake kwa shilingi bilioni 20. Mashabiki walimwita tajiri, kwa ile maana ya kale kabisa: mwenye gari. Timu ikifungwa, lawama zilipanda kwake kama hesabu pungufu ya daladala. Alfajiri ya Oktoba 11, 2018 alitekwa akiingia mazoezini kwenye hoteli moja ya Oysterbay, amejiendesha mwenyewe bila mlinzi. Familia iliahidi shilingi bilioni moja kwa atakayetoa taarifa. Baada ya siku tisa aliachwa viwanja vya Gymkhana, mwendo mfupi kutoka hospitali ya Ocean Road. Wiki ile mji ulikuwa na sauti ya chini isiyo ya kawaida; hata watani wa jadi wa Simba kule Jangwani hawakutania. Tajiri mwingine, Reginald Mengi wa kampuni za IPP, alifariki Mei mwaka uliofuata, akaagwa na umati katika viwanja vya Karimjee.

Kariakoo nako ardhi imekuwa ghali mno. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati imevunjwa, ghorofa limesimama, chini frem mlango kwa mlango. Kuingia kwenye frem unatoa kilemba kabla hujalipa kodi. Soko jipya alilolibuni msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Novemba 2024 ghorofa lilishuka juu ya watu na bidhaa zao asubuhi ya biashara, na zaidi ya watu ishirini wakafa. Mji ulisikiliza sauti za waliokwama chini kwa simu. Mali kauli bado ipo: mtu anachukua mzigo kwa neno lake, anauza, analeta fedha Ijumaa. Wateja wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Ngazija.

Na jioni, Mtaa wa Nyamwezi ukiwa umeziba kwa bajaji na mikokoteni, kijana anapita na robota la nguo kichwani, kitambaa cha mduara chini yake, jasho limeshuka hadi kiunoni. Anafoka watu wapishe: mzigo, mzigo. Basi la kwenda Tunduma limekwisha kuwasha taa. Anaushusha mlangoni mwa buti kwa goti, ananyoosha mgongo, anageuka kutafuta wa kumlipa.

"Tajiri wa mzigo huu yuko wapi?"